Maswali ya Wasomaji: Batani moja sauti mbili, konsetina haijafa

Barua za safari hii nyingi zimetoka Moshi na Arusha na zinaulizia konsetina, kile kikodiani kidogo cha pembe sita kinachoshikwa mikononi. Nimefurahi mno, kwa hiyo ukurasa mzima nimewapa ninyi, wa mapishi mnisubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo dada. Mjomba alikuwa anafanya kazi kwa mzungu mmoja hapa Moshi, mzungu alipoondoka akamwachia konsetina, ina batani kumi kila upande, mjomba akanipa mimi. Shida yake batani ileile ukisukuma inatoa sauti hii, ukivuta inatoa nyingine kabisa. Nimepeleka kwa fundi redio akasema ndani imeshavurugika, nimuachie kwa bei ya spea. Nimuachie? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimuachie! Kama ameshaichukua nenda leo hii ukaidai.

Hiyo ni konsetina ya aina inayoitwa Anglo na ndivyo ilivyotengenezwa. Kila batani ndani ina vijiulimi viwili vya chuma, kimoja kinalia ukisukuma hewa ikatoka, kingine kinalia ukivuta hewa ikaingia, na kila kimoja kina noti yake. Kwa hiyo batani zako 20 zina sauti 40, ingawa kadhaa zinajirudia. Ni utaratibu uleule wa kinanda cha mdomo, ukipuliza noti hii ukivuta pumzi noti ile. Mjerumani Carl Friedrich Uhlig wa mji wa Chemnitz ndiye aliyeanza kutengeneza konsetina za mfumo huu mwaka 1834. Mwingereza Charles Wheatstone alikuwa ameshasajili hataza yake 1829, ila konsetina iliyotokana na kazi yake batani haibadilishi noti, ukisukuma ukivuta ni ileile (ndiyo, ni Wheatstone huyohuyo ambaye wanafunzi wa fizikia wanalikuta jina lake kwenye ile saketi ya kupimia ukinzani). Sasa fundi redio hajawahi kuiona ya Uhlig, simlaumu sana.

Tufanye hivi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, upande mmoja wa konsetina uuweke juu ya paja, mikanda ya mikono isikubane sana vidole vicheze. Una safu mbili kila upande. Shika ile safu iliyo mbali na kiganja, mkono wa kushoto, anza kuhesabu kutoka kidole kidogo mpaka batani ya tatu. Sukuma, hiyo ni do. Usihamishe kidole, vuta, hiyo ni re. Batani ya nne sukuma mi, vuta fa. Ya tano sukuma so, vuta la. Hapo hama mkono, nenda kulia safu ileile, batani ya kwanza upande wa kidole cha shahada, VUTA kwanza upate ti, halafu sukuma upate do ya juu. Umemaliza solfa nzima kwa batani nne! Angalia pale la na ti, unavuta mara mbili mfululizo, ndipo kila anayeanza anapojikwaa kwa sababu mkono umeshazoea sukuma-vuta sukuma-vuta, kwa hiyo hapo parudie taratibu mpaka mkono ukubali wenyewe. Safu ya karibu na kiganja mpangilio wa hapo katikati ni uleule ila do yake imepanda, kama yako ni ya kawaida basi do ya safu ya kwanza ni C na do ya hii ni G.

Na kile kibatani cha kidole gumba cha kulia ambacho ukibonyeza hakilii, usidhani kimekufa nacho, kazi yake ni kupitisha hewa. Ukiona umevuta mpaka mvukuto umeisha na wimbo unataka kuendelea kuvuta, unakigusa unarudisha kimyakimya. Ukiwa unaifunga pia tumia hicho hicho. Usiwahi kuulazimisha mvukuto bila kubonyeza batani yoyote, unapasua kona zake, na kona zikishaanza kuvuja kila wimbo utakuishia hewa njiani.

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi tuko wanne hapa Kijenge, Arusha, tunakutana Jumapili mchana baada ya ibada. Konsetina tunayo moja tu. Mwalimu hatuna, staff notation, ile ya noti kwenye mistari mitano, hatujui, tunajua solfa ya kwaya basi. Mmoja wetu anajua haraka anatuacha, wengine tunaanza kukata tamaa. Tufanyeje? – Wanne wa Kijenge

JIBU: Nzuri kabisa wapendwa, na mimi nawaambia mna utajiri ambao hamuuoni. Solfa ndiyo lugha yenyewe ya Anglo! Hebu rudini juu mtazame, ukisukuma unapata do mi so, ukivuta unapata re fa la ti. Mwanakwaya yeyote wa Kilimanjaro au Arusha aliyekaririshwa solfa tangu Sunday school tayari anajua mkono uende wapi, anachotakiwa ni kuunganisha tu. Andikeni nyimbo zenu kwa solfa kama mlivyozoea halafu chini ya kila noti wekeni mstari pale pa kuvuta, pa kusukuma pabaki patupu. Inatosha, msihangaike na vitabu.

Kuhusu konsetina moja watu wanne, mimi ningependa hata mkinunua nyingine muendelee kukaa hivyohivyo kwa muda. Mmoja anapiga, watatu wanaimba solfa kwa mwendo wa yule anayepiga, si mwendo wanaoutaka wao, akikwama wanashikilia noti palepale wanamsubiri. Kisha inahamia kwa wa kulia kwake. Aliyekaa bila chombo anajifunza vilevile, masikio yake yanafanya kazi na vidole vyake vinacheza juu ya goti, niamini. Huyo ndugu yenu anayekimbia mpeni kazi ya kushika sauti ya pili, aimbe so na mi huku chini wakati mwenzake anapiga wimbo, hapo atatulia na mtafaidika wote. Ila mkimuacha apige peke yake nusu saa nyie mnamtazama, kikundi kitakufa, nawaambia kabisa.

Kujifunza kwa sikio wengine wanaona ni ushamba, mimi nakataa. Huko Ayalandi, kaunti ya Clare, watu wamepokezana konsetina kwa sikio kizazi hadi kizazi, mzee anapiga jikoni watoto wanasikia. Na hapa kwetu Afrika, Wazulu waliipata hii hii Anglo wakaigeuza kabisa, wengine wakahamisha noti ndani ili ziendane na nyimbo zao, leo ukisikia maskandi, muziki wao wa KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, wenye konsetina hutadhani chombo kimetoka Ujerumani. Basotho nao waliipiga kabla ya kodiani kuchukua nafasi kwenye muziki wao wa famo. Hawakusubiri mwalimu. Kwa hiyo na nyie msipige tu nyimbo za kujifunzia za Kizungu, chukueni pambio mnazozijua, zile fupi zinazorudiarudia, zinafaa sana kuanzia kwa sababu sikio litakusahihisha kabla hujasahihishwa na mtu.

Mkishazoea safu moja, hii hapa ya kuwafungulia mlango: re ya juu, ile inayofuata baada ya do ya juu, mnaipata kwa kuvuta upande wa kulia batani ya pili, lakini ipo pia kwa KUSUKUMA, upande wa kushoto, safu ya karibu na kiganja, batani ya mwisho ya kidole cha shahada. Kwa hiyo do re do ya haraka unaweza kupiga yote kwa kusukuma bila kubadilisha mvukuto. Mkikaa pamoja kutafuta sauti kama hizo zinazopatikana pande zote mbili mtashangaa zilivyo nyingi.

SWALI: Dada, vumbi la huku Ngaramtoni linaniua. Batani moja imenata na nyingine inakoroma. Jirani kaniambia nipulizie oili. – Msomaji, Arusha

JIBU: Oili HAPANA, kabisa. Vipedi vinavyoziba matundu ya hewa ni ngozi, vali ni ngozi, oili ikifika humo umemaliza chombo. Inayokoroma mara nyingi ni uzi au vumbi limekaa chini ya kijiulimi. Fungua skrubu za upande huo kwa bisibisi inayoenea vizuri, zipange mezani kwa mpangilio ule ule uliozitoa ili kila moja irudi kwenye tundu lake, halafu pitisha karatasi nyembamba polepole chini ya kijiulimi, usikikwangue na usikipinde. Inayonata angalia kama batani inasugua tundu lake au springi imeteleza. Kiangazi ifunge kwenye kitambaa kabla ya kuiweka kwenye boksi. Masika weka na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, kutu ikianza kwenye vijiulimi sauti inashuka. Na usiiache kwenye gari juani, nyingi za bei nafuu vijiulimi vimegandishwa kwa nta.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa kwaya, Kiboriloni, nataka kuagiza konsetina nje ya kusindikizia kwaya. Naona kuna Anglo ya batani 20, ya 30, na Kiingereza ya 48. Nichukue ipi? – Mama kwaya

JIBU: Shikamoo mama, maana nadhani umenizidi. Nakuuliza swali moja tu, kwaya yako inaimba ufunguo gani? Kama mwalimu anatoa do popote sauti zinapokaa vizuri, leo E flati kesho F, basi ya 20 achana nayo. Ile ina noti za C na G tu, F itakukosea kwa sababu B flati haimo, na D itakukosea kwa sababu C shapu haimo. Kwa mtoto anayejifunza nyumbani ni nzuri sana, kwa kwaya itakuaibisha katikati ya ibada.

Ya 30 ina safu ya ziada yenye hizo noti zilizokosekana, ila funguo za mbali na C na G zinataka mazoezi kwelikweli. Ya Kiingereza ya 48, ile ya Wheatstone, ina noti zote nyeupe na nyeusi, kila batani noti moja iwe unavuta iwe unasukuma, ufunguo wowote unakwenda. Ugumu wake ni kwamba noti zinagawanywa mikono miwili, za kwenye mistari kushoto za kwenye nafasi kulia, kwa hiyo hata do re mi inarukaruka kushoto kulia kushoto, na anayejua staff anaizoea haraka kuliko mwenye solfa. Kwa kusindikiza kwaya mimi ningekushauri hiyo, maana waimbaji hawatabadilisha ufunguo kwa ajili ya chombo. Ila kama una mpigaji mmoja ambaye tayari ana Anglo mkononi na anaipenda, mnunulie ya 30 na mwalimu apange nyimbo za C, G, F na D.

Ulizia ushuru kabla hujatuma hela. Na kama ni ya mtumba, mwambie muuzaji akurekodie video moja isiyokatwa akibonyeza kila batani, asukume kisha avute, halafu abonyeze ile ya hewa avute mvukuto wote, aiachie batani hiyo, ashike upande mmoja juu bila kubonyeza kitu, upande mwingine uning'inie. Ukiona unashuka haraka, unavuja, mwambie apunguze bei au uachane nayo.