Nina SS, na staji inaanza Julai

SWALI: Mama, salamu kutoka Katuba. Nina miaka 20, nasomea uuguzi mwaka wa kwanza kwenye ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, hapa Lubumbashi. Mimi ni SS tangu kuzaliwa, yaani nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ila darasani hakuna anayejua. Mwezi uliopita maumivu yalinishika katikati ya mitihani, nikakosa miwili, na wenzangu nikawaambia ni malaria. Staji, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, inaanza Julai kwenye pavilioni (wodi) ya wanaume, na zamu za usiku zimo. Shangazi aliyenilea anataka niache, nisomee usekretari. Anasema, "Nani atataka kuhudumiwa na mtu anayelazwa kuliko wagonjwa wake?" Baba ameshalipa minervali, ada ya chuo. Je, niendelee? Na nikiendelea, niseme au nifiche?
Mwanafunzi wa Katuba

JIBU: Mwanangu, endelea. Nimelitanguliza hilo ili usisome haya mengine huku moyo unakudunda. Lakini sikuambii uendelee hivyo unavyofanya sasa. Hiyo malaria yako ya kusingizia haitakufikisha Agosti.

Tuanze na huo mwezi wa saba. Waliopanga staji hawakukufikiria, na wangekufikiriaje kama hawajui? Unaijua Julai ya hapa kwetu: alfajiri mtu anatoka Katuba na sweta mbili, na upepo mkavu unapasua midomo. Baridi na upungufu wa maji ni katika vitu vinavyoamsha maumivu ya SS upesi kabisa. Chembe zako nyekundu zikikosa oksijeni hujipinda, zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo mfupa unapolia. Tena hazidumu. Za mtu mwingine huishi siku 120 hivi, zako ni kati ya siku 10 na 20. Ndiyo maana saa nne asubuhi wewe umeshachoka na wenzako bado wanapiga soga. Mkufunzi asiyejua atakuandika mvivu.

Kwenye maji nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nimeona wanafunzi wakijiponza. Figo za mwenye SS hazibani maji vizuri. Mkojo unatoka mwingi hata kama hukunywa. Sasa msichana wa staji anakiona choo cha wagonjwa kilivyo, anaamua asinywe kitu mpaka arudi nyumbani. Sote tulifanya hivyo, na kwa mwenye afya ni kichwa kuuma tu. Wewe utaishia kitandani. Beba chupa ya lita moja na nusu, iwe tupu kabla ya saa sita mchana, uijaze tena. Na siku ya kwanza kabisa omba ruhusa ya kutumia choo cha wafanyakazi, kile ambacho ufunguo wake unakaa kwa muuguzi mkuu.

Ufunguo huo hutaupata bila kueleza kwa nini, na hapo swali lako la pili limejijibu. Sema, lakini usimwambie kila mtu. Mwambie mkuu wa sehemu yenu shuleni, na mwambie muuguzi mkuu wa pavilioni, kabla staji haijaanza. Ukisubiri maumivu yaje ndipo ueleze, wataona ni kisingizio. Darasani mchague mmoja tu asiyependa maneno, wa kukusindikiza siku mambo yakiharibika.

Usiende mikono mitupu. Daktari wako akuandikie karatasi, na usikubali akuandikie tu kwamba una selimundu na unahitaji kupumzika. Karatasi ya namna hiyo inaishia kwenye droo. Iandikwe mambo ambayo muuguzi mkuu anaweza kuyapanga: usinyanyue mgonjwa peke yako, uruhusiwe kunywa maji katikati ya kazi, uvae nguo za joto chini ya bluzi, zamu za usiku zisifuatane, na dawa gani utumie maumivu yakianza. La kunyanyua wagonjwa lisisitizwe. SS inaweza kunyima damu kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, na mfupa ukafa taratibu. Huko mbele, wakikupangia chumba cha upasuaji, omba ubadilishiwe: baridi, kusimama kwa saa nyingi, na huwezi kunywa hata tone.

Ya maambukizo unayajua, nayapitia haraka. Wengu wa mwenye SS haufanyi kazi sawasawa, kwa hiyo uliza chanjo ya nimonia na ya homa ya ini B kabla hujagusa sindano ya mtu. Barakoa kwa wanaokohoa, chandarua nyumbani. Homa ikifika 38.5, unaacha zamu unakwenda kwa daktari, hata kama umebakiza nusu saa.

Muulize pia daktari kuhusu hidroksiurea, dawa ya selimundu. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanywa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kongo yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu na vifo, na hata malaria ilipungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, basi usiinunue kwa maneno ya jirani.

Sasa shangazi. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika majarida ya udaktari alikuwa mwanafunzi kama wewe. Ni Walter Clement Noel, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekwenda Chicago mwaka 1904 kusomea matibabu ya meno. Alilazwa zaidi ya mara moja katika masomo yake. Daktari James Herrick alipochapisha habari za damu yake mwaka 1910, Noel alikuwa ameshamaliza tangu 1907, amerudi kwao, anatibu watu meno. Sikufichi yaliyobaki: alikufa 1916 kwa nimonia, ana miaka 32. Hakukuwa na penisilini wakati huo, wala chanjo hizo nilizokutajia. Lakini watu wa Grenada walikalia kiti chake wakafungua midomo.

Kuna watu watakuambia ugonjwa utakufanya muuguzi mwenye huruma kuliko wengine. Usiwaamini upesi. Nimefanya kazi na wauguzi wagonjwa. Wengine walikuwa wapole, wengine hawakuwa na subira na maumivu ya mtu mwingine kwa sababu yao yalikuwa makubwa zaidi. Upole utajifunza kama sisi sote. Lipo jambo moja tu unalotujia nalo tayari. Kijana wa SS akiletwa usiku akilia, utasikia mtu wa zamu akisema, "Huyu amezoea sindano." Maana yake anataka dawa tu, haumwi. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na dawa ikacheleweshwa. Wewe hutalisema.

Ile mitihani miwili usiiache ipotee. Chukua cheti cha siku ulizougua, chenye ugonjwa wenyewe, ukipeleke kwenye aparitora, ofisi ya mambo ya wanafunzi, kabla ya deliberasyo, kikao cha kuamua matokeo, na uombe nakala yenye muhuri. Ukishaandikisha malaria huko, siku ukirudi na SS nani atakuamini?

Shangazi mchukue mkaonane na daktari pamoja, aulize mwenyewe. Anaogopa, na ana haki: yeye ndiye aliyekesha na wewe ukiwa mtoto. Kuhusu huo usekretari, mwambie kwa heshima kwamba minervali ya uuguzi imeshalipwa, na kama ukoo unahitaji sekretari, anao watoto wake wa kuzaa.