Inagonga "tak!" moja, kisha kimya

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Toyota IST, kazi yangu ni teksi hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilibadilishiwa beringi ya mbele kushoto. Tangu siku hiyo, nikitoka rivasi nikaweka D na kukanyaga mafuta, nasikia "tak!" moja upande uleule, halafu kimya. Nikirudi rivasi, "tak!" tena. Hapa mtaani nimeambiwa sivi jointi, kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi, imekufa, ninunue shafti nzima. Abiria wameanza kuniuliza kama tutafika.
Dereva wa Msamvu

JIBU: Marahaba, dereva. Hela ya shafti iache kwanza mfukoni. Tafuta uwanja wenye nafasi, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke taratibu, kulia kisha kushoto. Sivi jointi iliyochoka inalia tak-tak-tak mfululizo kadiri tairi inavyozunguka, na ukiongeza mafuta ndiyo inazidi. Yako inagonga mara moja, pale gari inapobadili upande wa kuvuta. Hapo kuna kitu kimelegea. Na kwa kuwa kelele imeanza siku ya beringi, mimi naishuku kwanza nati kubwa ya katikati, ile inayoshika shafti kwenye habu, kile kitovu ambacho tairi inafungwa.

Haya nayajua kwa aibu. Nikiwa bado kijana gereji, nilimfungia mama mmoja shafti mbili mpya kwenye Vitz. Hajafika getini, tak! Nati zote mbili nilikuwa nimezifunga kwa kukisia, kwa mkono.

Meno ya shafti yanaingia kwenye meno ya habu, na nati ndiyo inayovibana pamoja. Ikilegea, kila ukibadili gea meno yanahama kidogo na kugongana. Kelele ni shida ndogo. Nati hiyohiyo ndiyo inayoibana beringi, kwa hiyo ile mpya uliyoilipia juzi inakufa mapema.

Gari nyingi ndogo za Toyota zinataka nguvu ya niutoni mita 216 hivi. Hakikisha kwenye kitabu cha gari yako. Unataka kujua ni nguvu kiasi gani? Chukua bomba la mita moja, ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ining'inie mwishoni. Ndiyo hiyo. Spana fupi haifiki huko, na mashine ya upepo inaweza kupita bila wewe kujua. Tafuta gereji yenye spana ya kupimia.

Toa tairi ya kushoto uitazame nati. Ukingo mwembamba wa nati unatakiwa uwe umepigwa ukalala ndani ya mfereji wa shafti, usirudi nyuma. Kama ukingo umesimama mzima, jibu umelipata. Fundi aunyanyue kwanza kwa patasi nyembamba kabla ya kufungua, la sivyo nyuzi za shafti zinaliwa. Boksi ya kufungulia nati ni namba 30. Aweke nati mpya, gari ikiwa juu ya stendi, wewe ukiwa ndani umekanyaga breki, kisha apige ukingo. Nati ikiwa imelegezwa, gari isishushwe ikasimama kwa tairi hiyo wala isisukumwe hata hatua moja, maana uzito wote unaangukia beringi isiyobanwa.

Ikiendelea kugonga baada ya hapo, shafti itolewe kwenye habu, uso unaokutana na beringi usafishwe kutu na upakwe grisi kidogo. Mara nyingine pakikauka pale panagonga vilevile. Nati za tairi nazo zikazwe, nimeshaona mtu amehangaika wiki nzima kumbe ni hizo.

Na buti ya sivi, ule mpira unaoifunika, itazame ukiwa hapohapo chini. Kama haijachanika na haijatapika grisi, shafti yako huenda haina kesi.