Maswali na Majibu: Prosesa Mpya, Kompyuta Kimya

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu hapa Mbeya tangu mvua zikatike zinahusu jambo moja: mtu amepata prosesa yenye kasi zaidi kutoka kwenye mashine iliyokufa, ameipachika kwenye kompyuta yake ya miaka ya 1990, na matokeo yamemshangaza. Nimechagua tano. Kabla ya yote, naomba kila aliyeandika arudishe prosesa ya zamani pamoja na jampa zake zote (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini za ubao ili kupanga volti na kasi) kama zilivyokuwa, kwa sababu bila kujua kama mashine bado inawaka katika hali yake ya awali, lolote tutakalosema juu ya prosesa mpya ni kubahatisha.

Fundi, shikamoo. Nimetoa 486 DX2 ya megahezi 66 na kuweka DX4 ya megahezi 100. Feni inazunguka, skrini ni nyeusi, na baada ya dakika moja prosesa haishikiki kwa joto. Ya zamani nikiirudisha inafanya kazi. Je, nimeuziwa mbovu? (Uyole)

Marahaba. Huenda ilikuwa nzima ulipoinunua. DX2 ya kawaida hutumia volti 5, lakini DX4, iliyotoka mwaka 1994, hutumia volti 3.3, na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi zilizotengenezwa kabla yake hazina njia ya kushusha umeme huo. Chunguza pembeni mwa soketi kama kuna rigyuleta ya kushusha volti, yaani kile kipande cheusi chenye miguu mitatu ambacho mara nyingi hufungwa kwenye bati la kupoozea, kisha usome maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ubao karibu na jampa, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji waliweka hapo jedwali la volti. Ukikuta volti 5 peke yake, usijaribu tena hata kwa sekunde chache. Utahitaji kipachiko cha katikati chenye rigyuleta yake, au ile DX4 ya Intel iitwayo OverDrive, ambayo ina rigyuleta ndani yake.

Angalia pia namna ulivyoikalisha. Soketi 3 ina matundu 237, ilhali prosesa yako ina pini 168, kwa hiyo mstari mmoja wa matundu hubaki wazi kuizunguka pande zote nne, na ile kona ya prosesa iliyokatwa au yenye alama lazima ielekee kona ya soketi yenye alama. Mimi niliwahi kuunguza moja kwa haraka zangu. Harufu ilijaa chumba kizima, nami nikamwambia mwenye mali kwamba labda jirani anachoma mpira. Yako usiitupe kwanza. Ijaribu kwenye ubao wa volti 3.3, kwani zipo zilizoonja volti 5 kwa muda mfupi zikapona.

Habari za kazi, fundi. Mazabodi yangu ya Soketi 7 haina jampa ya kuzidisha kasi ya ubao mara 3.5, nami nimepata Pentium MMX ya megahezi 233. Nifanyeje? (Kihesa, Iringa)

Nzuri. Weka jampa kwenye 1.5, kwa maana prosesa hiyo huusoma mpangilio huo kama 3.5, na kasi ya ubao, megahezi 66.67, mara 3.5 ndiyo hiyo 233. Bayosi (programu ya ubao inayoiwasha mashine) ya zamani inaweza kuandika namba isiyo sahihi kwenye skrini, isikusumbue. Linalopaswa kukusumbua ni kwamba MMX huhitaji volti 2.8 kwa kiini chake na 3.3 kwa pini za mawasiliano, na ubao unaotoa volti za aina moja tu utaichemsha.

Kaka fundi, prosesa yetu mpya ya K6-2 inawaka vizuri na ina kasi sana, lakini programu yetu ya hesabu za duka, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Turbo Pascal, inakatika ikifunguliwa na kuandika kosa namba 200. Prosesa ina hitilafu? (Njombe)

Haina. Kosa lenu ni kasi yenyewe. Programu nyingi za Turbo Pascal, zinapoanza, huhesabu ni mizunguko mingapi prosesa inaweza kumaliza katika milisekunde 55 hivi, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55 ili zijue namna ya kupima muda wa kusubiri. Kwenye prosesa ya haraka jibu huzidi 65,535, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 16, na programu hulitangaza tatizo hilo kama kugawanya kwa sifuri, ingawa hakuna sifuri popote. Ingieni kwenye bayosi mzime keshi, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Mashine itakuwa nzito kama trekta kwenye mteremko wa Kitonga, ila programu itafunguka. Aliyeiandika akipatikana, aitengeneze upya akiwa na moduli ya Crt (sehemu ya Turbo Pascal inayofanya hesabu hiyo) iliyorekebishwa.

Fundi, nimerudisha prosesa ya zamani na jampa zake, nayo sasa haiwaki. (Tukuyu)

Basi kuna kitu kingine kilichoguswa. Anza na zile plagi mbili za umeme zenye nyaya sita sita: nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati, na ukizibadilisha nafasi unaweza kuua mazabodi. Halafu chomoa ramu na kuirudisha hadi vibanio vyake vilie. Mwisho tazama betri ya bluu yenye umbo la pipa iliyochomelewa kwenye ubao. Kwa unyevu wa Tukuyu sitashangaa ukikuta ukungu wa kijani umetambaa kutoka hapo hadi kwenye soketi. Ing'oe, sugua sehemu hiyo kwa siki kidogo na mswaki laini, suuza kwa spiriti, uache ikauke siku nzima, ndipo upime kwa mita kama njia za shaba hazijakatika.

Je, baridi ya Mafinga inaweza kuua prosesa? (Mafinga)

Baridi yenyewe hapana. Sweta la sufu asubuhi kavu ya Julai linaweza, kwa ule umeme unaoruka vidoleni, kwa hiyo livue na ushike bati la kasha kabla ya kugusa pini.