Kabla hujaagiza kadi za harusi, andika majina

Mbukwenyi wasomaji wangu. Tangu nilipoweka picha za kadi ya harusi ya mdogo wangu, simu haipumui. Ile kadi ya rangi ya zabibu, maandishi ya dhahabu, bahasha yenye utepe. Kila mtu anaulizia ilichapishwa wapi na kwa shilingi ngapi. Nashukuru kwa pongezi zenu, na sitaficha: najivunia kadi ile kuliko hata gauni nililovaa siku hiyo.

Sasa dada mmoja wa Manyoni amenitumia picha za kadi nne. Anauliza ipi inapendeza na aagize ngapi, maana sendofu yake ni Septemba. Nilipomuuliza orodha ya waalikwa iko wapi, akanijibu kwamba hiyo kamati itaishughulikia baadaye. Hapo nikashtuka. Dada wa Manyoni, na wenzako wote mnaojiandaa mwaka huu, naomba mnisikilize vizuri. Kadi inaanza kwenye daftari, inaanza na majina. Ukienda kwa mchapaji bila majina umekwenda kununua karatasi.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Sendofu yangu mwenyewe ilifanyika hapa Dodoma mjini, miaka ile kabla serikali haijahamia. Kamati yangu ilikuwa ya watu wema, walichangisha kwa bidii, na ninawashukuru mpaka leo. Kadi zikachapishwa mapema, nzuri kabisa, kwa idadi iliyokadiriwa kikaoni. Zilipofika, likafunguliwa daftari la michango na ugawaji ukaenda hivi: aliyemaliza ahadi yake anapewa kadi, aliyetoa nusu anasubiri, ambaye hakutoa hana kadi. Utaratibu huo mnaujua, uko kila mahali, na una sababu zake, maana ukumbi una viti vyake na chakula kinahesabiwa kwa sahani.

Shangazi yangu wa Bahi hakuwamo kwenye daftari lile. Yeye alikuja na gunia la mchele na kuku wawili waliofungwa miguu, akashuka stendi, akatafuta bajaji mwenyewe. Mchele ule wa Bahi ndio uliowalisha ndugu wote waliolala nyumbani kwetu. Haukuandikwa popote. Daftari lilikuwa la fedha, na shangazi hakuwa na fedha. Huyu ndiye mwanamke aliyenilea kipindi mama alipokuwa anaumwa, aliyenisuka nywele na kunipeleka shule. Jioni ile, vijana wa mapokezi wakamwambia mlangoni, "Mama, bila kadi haiwezekani." Mimi nilikuwa nimeshaingia, nimekaa mbele nimepambwa, nikimtafuta kwa macho kwenye meza za ndugu. Yeye alirudi nyumbani kwa bodaboda. Niliambiwa kesho yake. Hakulalamika hata neno moja. Akasaidia kuosha masufuria, akapanda basi lake. Miaka imepita, lakini nikiona mtu anagawa kadi kwa kusoma daftari la michango, moyo wangu bado unauma.

Kwa hiyo kamati ya harusi ya mdogo wangu ilipoundwa, niliomba ukatibu, nikaupata. Kikao cha kwanza tu nikasimama nikasema: kadi za michango ziende kwa mtu yeyote tunayemtegemea, lakini kadi za mwaliko zina orodha yake tofauti. Wapo waliopinga. Mjumbe mmoja alisema ukumbi una viti 300, tukianza kugawa bure tutawalisha nini waliochanga 100,000 kwa kadi ya watu wawili? Ni swali la haki, sikulidharau. Nikamjibu kwa hesabu.

Tulitenga viti 40 vya wazee na ndugu wasiochangishwa, na gharama yake tukaitoa sisi familia, nje ya mfuko wa kamati. Vikabaki 260. Kadi 90 za watu wawili zinachukua viti 180, kadi 80 za mtu mmoja zinachukua 80. Ukiongeza kadi 20 za watu wawili kwa ajili ya wazee, jumla unapata kadi 190 kwa viti 300. Tukaagiza 210, kwa sababu lazima nyingine ziharibike kwenye kuandika majina, na lazima mjomba fulani akumbukwe dakika za mwisho. Dada wa Manyoni, hapo ndipo "niagize ngapi" inapopata jibu. Idadi ya kadi na idadi ya watu ni vitu viwili. Nimeona kamati ikichapa kadi 300 kwa ukumbi wa watu 300, nusu yake za watu wawili, halafu wageni wanasimama ukutani na sahani mkononi.

Na hizo za ziada ziagize palepale mwanzoni. Mashine ya ofseti inahitaji kutengenezewa pleti, yaani bamba lenye sura ya kadi yako, kabla ya kuchapa hata kadi moja, na gharama hiyo ni ileile uchape 50 au 500. Ukirudi baadaye kuomba kadi 15 tu, kila moja itakugharimu mara kadhaa ya zile za kwanza, au utachapiwa kwa mashine nyingine na rangi zitapishana.

Rangi. Hapa niwaelezeni, maana ndiko nilikohangaika. Familia yetu ina shamba la zabibu Hombolo, na bwana harusi alitaka rangi ya zabibu zilizoiva. Kwenye simu ilionekana nzuri mno. Mchapaji wa kwanza akatuletea kadi ya bluu. Bluu kabisa, kama sare ya shule! Akasisitiza kuwa ndiyo rangi tuliyochagua. Baadaye nilielimishwa na kijana mmoja msanifu: kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi. Zambarau inatoka kwenye samawati na majenta, na majenta ikipungua kidogo tu inahamia kwenye bluu. Ndiyo maana zambarau inasumbua kuliko rangi nyingine. Tangu hapo sikubali picha ya WhatsApp kama sampuli. Sampuli ni kadi moja iliyochapwa, kwenye karatasi ileile itakayotumika, unaishika mkononi, unaitazama nje juani na ndani kwenye taa. Mchapaji wa pili alitupa sampuli, tukairekebisha, na hiyo ndiyo mliyoiona. Lipa nusu, malizia baada ya kuona mzigo.

Ukishaishika hiyo sampuli, chukua kalamu uandike jina juu yake. Karatasi ya kung'aa sana haishiki wino wa kalamu ya kawaida, unapita kidole na "Mheshimiwa" anafutika. Kadi nyeusi au ya zambarau inahitaji kalamu ya dhahabu au fedha, vinginevyo acha sehemu nyeupe ya kuandikia jina. Katika zile picha nne, ningechukua ile ya rangi ya maziwa isiyong'aa. Ile ya kukatwa maua kama kitambaa cha lesi inavutia, lakini inachanika ikitolewa kwenye bahasha, na bei yake ingetosha kusafirisha ndugu zako kadhaa kutoka Itigi.

Kuhusu tarehe sina mengi, ila hili lishikeni: kadi ya mwaliko isichapwe kabla hujawa na risiti ya ukumbi na uthibitisho wa kanisa, msikiti au ofisi ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na makanisa yana matangazo yake ya Jumapili. Mambo yanaweza kusogea. Kwa sisi wa Dodoma kuna na hili la Bunge la bajeti, linaloanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Hoteli zinajaa, kumbi zinachukuliwa kwa mikutano, na ndio msimu ambao Kwaresima imeisha na kila mchumba anataka Jumamosi yake. Wachapaji nao wanazidiwa. Kadi ya mchango inaweza kutangulia miezi mitatu au minne, hiyo haina shida, ikitaja mwezi inatosha. Ya mwaliko isubiri.

Someni pruf, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, watu watatu, na mmoja wao awe mzee anayejua majina ya ukoo. Mchapaji mmoja alimwandikia binamu yangu ndoa "saa 2:00 mchana" kwa kuwa alinakili mfano wa Kiingereza bila kufikiri. Wageni wengine wakafika kanisani asubuhi, wengine wakapiga simu wiki nzima kuuliza. Andika saa 8:00 mchana, saa 12:00 jioni, kwa saa zetu. Kama baba ni marehemu, aandikwe marehemu, na anayealika kwa niaba yake atajwe, awe baba mkubwa au kaka. Mahali pa cheo usiandike Bw. na Bi. peke yake, mji huu una Prof., Dkt., Mhe., Mhandisi, Mchungaji, Sheikh, na mtu akiitwa pungufu ya heshima yake anakumbuka. Pia taja mtaa wa ukumbi: Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni. Mji umetanuka mno, na siku hizi ndugu wa Dar es Salaam wanakuja na treni ya SGR, iliyoanza kufika hapa mwaka 2024. Mwingine ndiyo mara yake ya kwanza kuikanyaga Dodoma.

Najua wengi mtaniambia, dada, siku hizi ni kadi za simu. Ni kweli, nasi tulizitumia kwa wafanyakazi wenzetu wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, na marafiki wa chuo. Kila mmoja ana msimbo wake wa QR, mlangoni unasomwa, kadi haiwezi kutumiwa mara mbili. Ni nafuu na ni haraka. Lakini babu wa Chamwino mwenye kitochi utamtumia picha gani? Mzee anataka kadi aiweke juu ya kabati, majirani waione, aseme mjukuu wangu anaoa. Msimnyime mzee furaha hiyo kwa kuokoa shilingi elfu mbili.

Na ninyi wenyeviti wa kamati, nawasihi kwa upendo. Mtu aliyeleta mbuzi amechanga. Aliyeleta mchele, karanga, debe la mafuta ya alizeti, aliyekuja kupika usiku kucha, amechanga. Muwe na ukurasa wao kwenye daftari. Msimwache mtu aliyemlea bibi harusi akaulizwa kadi na kijana asiyemjua. Mwekeni ndugu mmoja mtu mzima mlangoni pamoja na vijana wa mapokezi, anayezitambua sura za ukoo wote. Tulimweka baba mdogo, na hakuna mzee hata mmoja aliyerudishwa. Shangazi wa Bahi alikaa meza ya mbele na kadi yake kwenye mkoba.

Kadi za wazee zipelekwe kwa mkono, wiki mbili kabla au zaidi. Msizitupe kwenye basi kama kifurushi. Anayepeleka awe ndugu, akae chini, anywe maji, aisome kadi kwa sauti kwa sababu macho ya wengi yamechoka, ataje siku, saa na mahali. Asiondoke kabla hajajua wanakuja wangapi, wanatoka lini, nani anawapokea stendi na watalala kwa nani. Nauli yao iwe kwenye bahasha ya pili, na wapewe siku hiyohiyo.