Kwa Wanaoanza Kupima Programu za Kupanga Upasuaji wa Mifupa: Niliyojifunza Mwanza

Vijana wanaojiunga nasi hapa Mwanza katika kazi ya kupima programu za kupanga upasuaji wa mifupa huja wakiwa wameshaiona programu ikifanya kazi, na kwa kweli inavutia: picha za CT (eksirei za vipande vipande zinazounganishwa na kompyuta) za mgonjwa mmoja huingizwa kwenye kompyuta, mfupa wake hutenganishwa na nyama, daktari huuzungusha kwenye skrini, huchagua mahali pa kukata na pembe ya kunyooshea, kisha printa ya 3D hutoa kiolezo cha nailoni kinachofuata uso wa mfupa wa mgonjwa huyo peke yake, chenye mwanya wa kupitishia msumeno. Jambo linalochelewa kuwaingia ni kwamba mtathmini wa mamlaka ya udhibiti wa vifaa tiba haanzi na picha hizo. Huanza na sentensi moja inayoeleza kusudi la matumizi, na kila kipimo mlichofanya hukilinganisha na sentensi hiyo. Iandikeni kwanza, kabla hamjagusa kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo.

Ukiandika kwamba programu yako "husaidia kupanga upasuaji wa mifupa", umejitwika mifupa yote ya mwili na wagonjwa wa kila umri. Linganisha na hii: programu humsaidia daktari bingwa wa mifupa kupanga ukataji wa kunyoosha mfupa wa paja uliounga vibaya, kwa mtu mzima ambaye ukuaji wa mifupa yake umekoma, kwa kutumia picha za CT zenye vipande visivyozidi unene wa milimita 1. Kila neno hapo ni deni la kulipa kwa ushahidi. Ukisema mtu mzima, programu ifanye nini inapoletewa picha za mtoto? Ukisema milimita 1, iikatae picha ya milimita 3 au itoe onyo tu, na onyo hilo daktari aliyechoka atalisoma? Kuna pia mambo ambayo sentensi haiyataji lakini yamo ndani yake. Programu nyingi za aina hii huchukua mguu usio na jeraha wa upande wa pili, huugeuza kama kwenye kioo, na kuufanya mfano wa kunyooshea mguu ulioharibika. Hapa kwetu, ambako ajali za bodaboda huleta watu waliovunjika mapaja yote mawili, dhana kwamba upande wa pili ni mzima haiwezi kuachwa bila kupimwa.

Jifunzeni kuiona kazi yote kama mnyororo: picha, utenganishaji wa mfupa, mpango, uchapishaji, utakasaji, ukaaji wa kiolezo juu ya mfupa, na mkato wenyewe. Kila pingili ina kosa lake dogo, na makosa hayo yakielekea upande mmoja hujumlishana. Kosa la nyuzi 1 tu kwenye ncha moja ya mfupa wa paja wenye urefu wa sentimita 40 huisogeza ncha ya pili kwa takriban milimita 7. Ndiyo maana ninasisitiza mpime kila pingili peke yake, kisha mpime mnyororo mzima kuanzia mashine ya CT hadi msumeno, kwa kutumia mfupa wa plastiki au wa maiti ambao vipimo vyake halisi mnavijua. Timu ikinionyesha usahihi wa utenganishaji peke yake na kuuita usahihi wa zana, huwa nawarudisha mezani.

Mmoja wa wanafunzi wetu aliwahi kuchapisha kiolezo kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa za mezani, akakiingiza kwenye otoklevu, mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke, pamoja na vyombo vingine kwa nyuzi joto 121. Plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kilitoka kikiwa kimejikunja kingo zote kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Hakuna mgonjwa ambaye angedhurika, kwa sababu hakuna daktari ambaye angekitumia. Kinachonikosesha usingizi ni kiolezo cha nailoni kinachotoka kikiwa kizima machoni, huku mwanya wa msumeno umepanuka au matundu ya pini za kukishikilia kwenye mfupa yamesogeana kidogo. Kwa hiyo tunapima umbali kati ya matundu kabla ya otoklevu na baada yake, kwa mzunguko ule ule wa joto na muda ambao hospitali itautumia, na kwa kiolezo chembamba na kirefu kuliko vyote tunavyokusudia kutoa, maana hicho ndicho kitakachotangulia kupinda. Kisha linakuja suala la gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ambalo kwenye picha za kawaida za CT halionekani kama mfupa unavyoonekana. Kiolezo kilichochongwa kufuata mfupa kikiwekwa juu ya gegedu ambalo halijaondolewa kitakaa juu kuliko kilivyopangwa, nacho kitaonekana kimekaa vizuri. Andikeni kwenye maelekezo mahali pa kusafisha, kisha mjaribu maelekezo hayo kwa madaktari ambao hawakushiriki kuiunda zana.

Kosa lililonifundisha zaidi lilihusu eksirei, na lilinipata mimi mwenyewe. Tulikuwa tukipima programu ya kukadiria ukubwa wa nyonga bandia. Kwa kuwa picha ya eksirei huukuza mfupa, huwekwa gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 25 ili programu ipate kipimo cha kulinganishia, na gololi hiyo inapaswa kuwa kwenye kina kile kile kilipo kiungo. Yetu iliwekwa juu ya godoro la meza, kando ya paja. Ikakuzwa kwa asilimia 10 wakati mfupa ulikuzwa kwa asilimia 20, na programu, ikifuata hesabu yake bila kukosea hata kidogo, ikakitangaza kichwa cha mfupa wa paja cha milimita 48 kuwa na zaidi ya milimita 52. Vipimo vyote tulivyokuwa tumefanya ofisini vilifaulu, kwa sababu ofisini gololi tuliiweka sisi wenyewe. Tangu siku hiyo siandiki mpango wa majaribio bila kukaa kwanza asubuhi nzima kwenye chumba cha eksirei na kutazama watu wanavyofanya kazi.

Ninalotaka mlishike kuliko yote ni la mifupa ya watu wetu. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na ugonjwa huo unaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, kukibomoa katika umri mdogo, na kuufanya mfereji wa ndani ya mfupa kuwa mwembamba na mgumu. Algorithimu iliyofunzwa kwa nyonga za wazee wa Ulaya wenye viungo vilivyolika inaweza kukosea mpaka wa mfupa wa namna hiyo. Kuna pia wagonjwa waliokaa miezi mingi kwa waganga wa jadi wa mifupa kabla ya kufika hospitali, na mfupa ukaunga kwa pembe ambazo waundaji wa programu hawakuzifikiria. Takwimu ya usahihi isiyosema imetoka kwa wagonjwa gani haimsaidii daktari wa hospitali ya Bugando hapa Mwanza aliye na mgonjwa huyo mezani. Tafuteni visa hivyo, ombeni kibali cha maadili mapema, ondoeni majina kwenye mafaili ya picha kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotudai faragha, na mviripoti peke yake hata kama vinashusha wastani wenu.

Kigezo cha kufaulu kiandikwe na kutiwa saini kabla ya jaribio. Katika upasuaji wa goti, wengi hutumia mpaka wa nyuzi 3 kutoka kwenye mhimili wa mguu, yaani mstari wa kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Mkichagua hiyo au nyingine, elezeni sababu, na mhesabu ni mikato mingapi iliyovuka mpaka, maana wastani mzuri unaweza kuficha mguu mmoja uliopinda.

Kuhusu mamlaka, dhana potofu ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja hakihitaji kutathminiwa. Nchini Marekani msamaha wa kifaa cha kuagizwa maalumu una masharti makali, ikiwemo kutozidi vifaa 5 vya aina moja kwa mwaka, na zana nyingi za aina hii hupitia njia ya 510(k), ambako hulinganishwa na kifaa kilichopo sokoni kihalali. Kanuni ya Ulaya ya 2017/745, iliyoanza kutumika Mei 2021, huiweka programu ambayo maamuzi yake yanaweza kusababisha upasuaji kwenye daraja la hatari la IIb, la pili kutoka juu. Hapa nyumbani, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi 2019 ilikuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), hupanga vifaa tiba katika madaraja A hadi D kwa kadiri ya hatari, nayo ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Nendeni mkiwa na sentensi yenu ya kusudi na orodha ya vihatarishi, na muulize kabla ya kutumia fedha kwenye majaribio.

Jalada halifungwi siku ya kibali. Mgonjwa kutoka Ukerewe anaweza kupigwa picha leo, akarudi nyumbani kutafuta fedha, akapanda kivuko tena baada ya miezi 4 akiwa na mfupa ulioota kovu jipya. Amueni mapema picha za umri gani zinakubalika, na programu ihesabu siku hizo yenyewe. Mashine ya CT nayo ikibadilishiwa kichujio cha kuundia picha, yaani hesabu ya kompyuta inayoifanya picha kuwa kali au laini, ukingo wa mfupa husogea. Tukipata habari ya badiliko kama hilo, tunachukua visa vile vile vya mwanzo, tunarudia vipimo vya utenganishaji, tunaandika toleo na tarehe, kisha tunampigia daktari simu kujua ni mipango ipi ambayo bado haijaingia chumba cha upasuaji.