Muulize Anko: Chuo kipo California, ligi ya Atlantiki, hii imekaaje?

Haya, habari zenu wote. Toleo lililopita niligusia kidogo tu ule mpira wa Kimarekani wa vyuo, nikadhani nitaandikiwa na watu wawili, kumbe nimechokoza nyuki. Wengine mmeuliza, wengine mmenisema, nimeokota barua tano.

Anko, habari za kazi. Mimi nipo huku Dallas mwaka wa tatu sasa, kazini kila Jumatatu stori ni futiboli ya vyuo mpaka saa ya chai. Kuna kitu kinanichanganya. Hapa mjini kuna chuo kinaitwa SMU, kipo kwenye ligi inaitwa Atlantic Coast, yaani pwani ya Atlantiki, na hapa Dallas bahari yenyewe hatuijui. Stanford ya California nayo imo humohumo! Nikiuliza wananicheka. Ilikuwaje? – Mbongo wa Dallas

Wala usione aibu mdogo wangu, hata wenyewe walicheka mwanzoni ndo wakazoea. Hizo ligi, wenyewe wanaziita konferensi, zilianza kama ujirani tu, vyuo vya eneo moja vinakutana kucheza, timu inapanda treni au basi, wikiendi ikiisha watoto wanarudi darasani. Majina yakafuata ramani. Kilichokuja kuvuruga ni TV. Kila konferensi inauza yenyewe haki za matangazo za mechi zake halafu inagawa hela kwa vyuo vyake, kwahiyo ukiwa kwenye kundi la vigogo unakula vizuri, ukiwa kwenye kundi la wanyonge unakula kinyonge, na mkataba wa jirani ukishanona kuliko wako unaanza kuuangalia mlango.

Chukua Pac-12, ya pwani ya Pasifiki, mizizi yake ni ya 1915. Humo walikuwemo USC, UCLA, Stanford, Oregon, Washington, si timu za kubahatisha. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza wanahamia Big Ten, kundi la kule katikati ya nchi la kina Ohio State na Michigan. Hata miezi miwili haijaisha, Big Ten wakatangaza mkataba na vituo vya TV vya Fox, CBS na NBC, miaka 7, zaidi ya dola bilioni 7. Umeiona hesabu? Los Angeles ni soko la pili la TV kwa ukubwa Marekani nzima, sasa hapo nani atakaa aongelee ujirani.

Waliobaki wakawa wanahangaika kutafuta dili. Julai 2023 Colorado akawaaga, akaenda Big 12, konferensi nyingine. Mwanzoni mwa Agosti mezani kulikuwa na ofa ya Apple, mechi zionyeshwe mtandaoni, na hela ya maana ingekuja tu kama watu wengi wangejiunga na kulipia, yaani biashara ya kumuomba Mungu. Tarehe 4 Agosti, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, tena kwa mgao pungufu, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Siku moja hiyo! Asubuhi ligi ina timu tisa, usiku zimebaki nne. Stanford na Cal, yaani chuo cha California cha Berkeley, wakabisha hodi kwa hao wa Atlantiki, wakafunguliwa mlango tarehe 1 Septemba pamoja na SMU wako, na SMU walivyoitaka ile nafasi walikubali kukaa miaka 9 bila mgao wa hela ya TV, matajiri wao ndo wakachangishana kuziba pengo. Kwahiyo hapo Dallas Atlantiki imefika kwa hundi, bahari haihusiki.

Nyumbani wakabaki wawili, Oregon State na Washington State, wakacheza misimu miwili ya 2024 na 2025 wako wawili tu kwenye ligi yenye namba 12 kwenye jina. Mpaka 2026 ndo wanaletewa wenzao kina Boise State na San Diego State. Na nikuibie siri, 2024 huyo yatima Washington State alikutana na ndugu yake aliyemkimbia, Washington, kwenye dabi yao ya tangu 1900, akampiga 24 kwa 19. Mimi sina timu kule ila siku ile nilichekelea peke yangu sebuleni.

Anko wewe, wataka kutuletea mpira wa kubebwa mkononi na sie twangoja habari za Ligi ya Mabingwa. Pesa za Wamarekani zatuhusu nini? – Mie wa Kisauni

Ndugu yangu wa Kisauni, hilo la kuuita mpira wa kubeba mkononi eti futiboli hata mimi linanikera, ila jina wameshalichukua. Kama zatuhusu au hazituhusu, soma barua ya mwisho kutoka Iten halafu unisute vizuri.

Mambo vipi Anko. Hapa kwetu TFF na Azam wameingia mkataba wa ligi nzima, hakuna cha Simba kuuza yake wala Yanga kuuza yake. NFL, ile ligi ya kulipwa ya Wamarekani, nayo naskia inauza kwa pamoja. Sasa hawa wa vyuo wanashindwa nini kukaa kikao kimoja wakauza wote, wakaacha kuhamahama kama wapangaji? – Kijana wa Kinondoni

Poa kijana. Umeuliza kitu ambacho kimefika mpaka Kongresi, bunge lao, kwahiyo nivumilie hapa nitaongea.

Zamani walikuwa wanauza pamoja. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndo kilikuwa na funguo za TV zote, na kilikuwa bahili ajabu, mwanzoni mwa miaka ya 80 timu moja haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara 6 ndani ya miaka miwili, eti watu wasije wakabaki nyumbani viwanja vikawa vitupu. Vigogo wakachoka. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, wakasema mechi ni zetu, na 1984 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2, kwamba ule utaratibu unavunja sheria ya ukiritimba. Hapa kuna kitu nakipenda sana, mmoja wa wale wawili waliokataa ni Byron White, na huyu mzee mpira hakuusoma kwenye faili, aliucheza chuo cha Colorado akaenda mpaka NFL, na 1938 ndo aliyeongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia na mpira. Aliona mambo ya vyuo hayafai kupimwa kama biashara nyingine, kuna elimu pale. Wenzake hawakumsikiliza, na kila mtu akaanza kuuza kivyake.

NFL wao wanauza pamoja kwasababu walitungiwa sheria, 1961, ya matangazo ya michezo, inayoziruhusu ligi za kulipwa kuweka haki zao chungu kimoja bila kushitakiwa. Vyuo havimo. Walichopewa ni ulinzi wa pembeni, kwamba NFL wakirusha mechi Ijumaa usiku au Jumamosi wakati vyuo na sekondari vinacheza wanapoteza ile kinga, ndo sababu Jumamosi nyingi unaona ni vyuo tu na wakubwa wanasubiri Jumapili.

Sasa katokea jamaa anaitwa Cody Campbell, tajiri wa mafuta wa Texas, alichezea Texas Tech na sasa ni mwenyekiti wa bodi ya chuo hichohicho. Mwaka 2025 alilipia matangazo katikati ya mechi, unaangalia mpira unakutana naye, anaomba ile sheria ya 1961 ifunguliwe vyuo viingie. Septemba mwaka huohuo maseneta watatu, Maria Cantwell, Cory Booker na Richard Blumenthal, wakaleta muswada wa SAFE wenye kipengele hichohicho. Cantwell anatoka jimbo la Washington, kwao na yule yatima niliyemsema juu, kwahiyo usiulize moto wake unatoka wapi.

Kuna na muswada mwingine, SCORE, uliletwa Baraza la Wawakilishi Julai 2025, na huo NCAA na konferensi kubwa wanaupenda, maana unawapa kinga dhidi ya kesi za ukiritimba, unasema mwanamichezo si mwajiriwa, unazizima sheria za majimbo zinazopingana nao. Kuuza pamoja hakumo. Desemba 2025 ulikuwa upigiwe kura, ukatolewa dakika za mwisho maana kura zilikuwa hazitoshi. Rais Trump naye alitoa amri yake Julai 24, 2025, lakini amri ya rais haiwezi kumpa mtu kinga mahakamani, hiyo kazi ni ya Kongresi.

Nani anazuia kuuza pamoja? Big Ten na SEC, konferensi ya vigogo wa kusini. SEC ndo waliowachukua Texas na Oklahoma 2024, wana ESPN, kituo cha TV cha michezo, mfukoni, Big Ten wana wale Fox na wenzake, wamejaza timu 18 mpaka hilo jina la Ten limebaki kama lile la mtu anaitwa Mfupi na ana futi sita. Ukiwaambia waweke chungu kimoja wagawane na Oregon State watakuuliza kwa faida ya nani, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi naona Campbell ana hoja, muuzaji mmoja akikaa na ESPN atapata bei nzuri kuliko wauzaji kumi wanaopigana vikumbo mlangoni, NFL ndo wanavyofanya. Ila watu wanasahau kitu, huo muswada wa SAFE unaruhusu, haulazimishi. Wale wawili wakisema hatutaki, umepooza. Na mikataba ishafungwa, ESPN na mchujo wa ubingwa mpaka msimu wa 2031-32 kwa dola bilioni 7.8, ACC, yaani wale wa Atlantiki, wana ule wa kukabidhi haki za matangazo mpaka 2036, Florida State na Clemson walienda mahakamani kutaka kuchomoka, wakaishia kupatana Machi 2025 kwa mgao mpya unaoangalia nani anatazamwa zaidi. Yaani hata ndani ya konferensi moja washaanza kupimana.

Kuhusu wapangaji, umesema vizuri mno, naiazima.

Anko swali fupi, kwani hao si wanafunzi? Wanalipwa kweli au ni maneno ya mtandaoni? – Msomaji wa Kigali

Wanalipwa. Kuanzia Julai 1, 2021 waliruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo ya biashara, na tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano makubwa kati ya wanamichezo na NCAA, dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza zamani, na chuo kuruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja mpaka dola milioni 20.5 kwa msimu wa 2025-26. Sehemu kubwa inaenda kwa wa futiboli, wanafuata wa kikapu. Wengine wanaambulia makombo.

Hujambo Anko. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Iten. Kitindamimba wangu amepata skolashipu ya kukimbia chuo kimoja huko Amerika, anaenda Agosti. Jirani ananiambia vyuo vinahama ligi kila siku, pesa zote zinakula hao wa mpira, na wakimbiaji wanaondolewa. Usiku silali. Nimwache aende ama nimzuie? – Mama wa Iten

Mama, shikamoo. Pole kwa kukosa usingizi, na hongera, skolashipu ya kukimbia haiokotwi.

Jirani yako hajakudanganya, amezidisha kidogo tu. Hela za riadha kule zinatoka kwa futiboli, ndo ilivyo miaka yote. Yule yatima Washington State ninayemtaja toka mwanzo, si ndo chuo cha Henry Rono, yule mkimbiaji wa Kenya! 1978 akiwa mwanafunzi pale Pullman alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na mwaka mmoja kabla yake Samson Kimobwa, wa chuo hichohicho, aliichukua ile ya mita 10,000. Nyambui wetu wa Tanzania alikimbia akiwa chuo cha El Paso, Texas. Na siku hizi Doris Lemngole, binti wa Kenya, 2024 alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo akiwa Alabama, chuo cha SEC kabisa, hela ya wale wa mpira ndo ilimsafirisha.

Kilichobadilika ni kwamba makubaliano yale ya 2025 yameweka ukomo wa idadi, kwa vyuo vilivyoyakubali mbio za nyika ni watu 17 na riadha 45, na hela ikipungua wanaanza kupunguza michezo isiyo na TV. Washington State 2025 wakatangaza wanaacha kurusha na kuruka, wanabaki zaidi na mbio ndefu. Wa mbio ndefu kapona, mrusha mkuki kaenda na maji. Mwanao kama ni wa mbio ndefu yuko sehemu salama kidogo, siwezi kukwambia salama kabisa.

Kwahiyo mwache aende, ila kabla hajasaini mpigie kocha, muulize haya mwenyewe, usimwachie wakala. Skolashipu ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote? Nafasi yake kwenye ile orodha ya 17 ipo kwa maandishi? Chuo kikifuta riadha katikati, masomo yataendelea kulipwa? Na waulize mashindano ya konferensi yanafanyika wapi, kuna watoto sasa wanavuka nchi nzima, saa tano za ndege, halafu Jumatatu ana mtihani. Jingine, akiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, asije akaingia tamaa kusaini hela za matangazo kama wenzake Wamarekani, viza ile inabana sana kazi za malipo, kwanza aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo aulize, hata kama ni dola mia.

Na sweta nzito, mama. Najua Iten kuna baridi, lakini kule Januari ni habari nyingine.