Mfuko wa bastola ni wa bastola tu

Kama unayo leseni chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 na unatembea na bastola ndogo mfukoni, kama tunavyofanya baadhi yetu wenye maduka ya jumla hapa Ngamiani, Tanga, nakusihi jambo moja kabla ya yote: mfuko huo usitie kitu kingine. Funguo, kalamu, chenji, kiberiti, vyote vipeleke mfuko wa pili. Vitu hivi huhamahama ukipanda bajaji au ukiinama kupima mchele, na ncha ya ufunguo ikishaingia mbele ya triga, kule kukaa kwako tu kwaweza kuifyatua.

Hata mfuko ukiwa mtupu, bastola isikae humo wazi. Itafutie pochi yake, ngumu, inayofunika triga yote. Pochi ya ngozi iliyolegea itupe, usiionee huruma, maana ukingo wake hujikunja ndani na kubonyeza triga wakati unachomeka. Suruali nayo iwe ya kitambaa kizito. Kanzu haifai: mfuko wake unaning'inia, bastola inacheza kila hatua na kila mtu anaiona. Msikitini siendi nayo kabisa. Ukisujudu mfuko unalala, na ikichomoka katikati ya safu utawaambia nini watu? Inabaki nyumbani kwenye sefu, na ufunguo ninao mimi, kwa sababu leseni ina jina langu, si la familia.

Bastola iliyotulia ndani ya pochi nzuri hainitishi. Kinachonitisha ni kuiingiza na kuitoa. Wengi huiacha pochi mfukoni, kisha wanachomeka bastola kwa kupapasa, mtutu umeelekea paja lao wenyewe. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Toa pochi nje. Chomeka bastola huku unaiona, kidole kimenyooka ubavuni, mbali na triga, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Halafu ingiza vyote viwili mfukoni kwa pamoja, na jioni vitoe kwa pamoja vilevile.

Mwaka 2008 mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku mjini New York na bastola kiunoni bila pochi. Ikateleza kwenye mguu wa suruali, akaiwahi kwa mkono, ikafyatuka na kumpiga pajani. Alipona, lakini alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la silaha. Kwa hiyo bastola ikikuponyoka, iache ifike chini. Mkono unaoiwahi hewani ndio unaokutana na triga.

Kuna bastola za zamani zinazoweza kufyatuka kwa kuanguka tu. Kama yako ni ya aina hiyo, au triga yake ni nyepesi na haina kizuizi cha usalama, usitembee na risasi kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Najua wapo wanaosema utachelewa siku ya tukio. Mimi naona kukoki, yaani kupandisha risasi kwenye chemba, ni kitendo cha kufanyia mazoezi mpaka mkono uzoee, na kujipiga risasi hakuna mazoezi yanayokurudisha.

Ukifika nyumbani, magazini, kile kisanduku cha risasi, itoke kwanza, ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Ukianza na slaidi, magazini itapandisha risasi nyingine kwenye chemba nawe unadhani umemaliza. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Fanya hivyo hata kama uliikagua asubuhi.

Halafu ifute. Jasho la paja na hewa ya chumvi ya Tanga huleta kutu upesi, hata kwenye bastola mpya. Kitambaa kikavu kila jioni, mafuta kidogo, na mswaki wa kutolea zile nyuzi za mfukoni zinazojikusanya nyuma ya triga na kwenye mdomo wa mtutu.